Shangazi, nina miaka 61, nikajifunze kuchora?

*Shangazi, shikamoo (ingawa huenda mimi ni mkubwa kwako). Nilistaafu mwaka jana baada ya miaka 34 ya uhasibu. Mke wangu ana duka la vitambaa, anatoka asubuhi anarudi magharibi. Watoto wanajitegemea. Mimi nashinda na televisheni. Usingizi unakatika saa tisa usiku, na siku hizi najiona mzigo. Usinicheke: kila Jumapili bado napiga pasi mashati ya kazini. Binti yangu amenitafutia darasa la kuchora tingatinga, ile michoro ya wanyama ya rangi kali, kila Jumamosi. Nilipolitaja kijiweni walicheka hadi kahawa ikawapalia. Mke wangu naye anaona ni kuichezea pensheni. Na kweli sijui kuchora hata kuku. Niende au nitulie? Mstaafu, Tabata.*

Marahaba, kaka yangu, nimeipokea kwa aibu maana umri wetu umepishana kidogo tu. Nenda. Nimelisema mapema ili mengine uyasome ukiwa umetulia.

Kwanza neno ulilolipitisha haraka: "mzigo". Usingizi ukiendelea kukatika, chakula kikikosa ladha, au ukianza kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo, nenda hospitali ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Usisubiri Jumamosi. Brashi si dawa ya hilo.

Sasa tuje kwenye mashati. Kwa miaka 34 kulikuwa na watu ambao ikifika saa tatu asubuhi hujaonekana, wanaulizana, "Mzee leo yuko wapi?" Siku uliyokabidhi funguo za kabati, swali hilo lilikwisha. Mkeo anaulizwa bei mchana kutwa. Wewe huulizwi kitu. Kijiweni ni pazuri, usipahame, lakini pale mtu asipotokea hudhaniwa kasafiri, na habari za Simba na Yanga zinaendelea bila yeye. Darasa la watu kumi ni jingine. Kibao chako kimeachwa nusu, chui hana mkia, kila mtu anaona kwamba mwenyewe hajaja.

Halafu kuna jambo nimeligundua kwa kusoma barua zenu miaka yote hii: wanaume wengi hawasemi yaliyo moyoni wakikaliwa uso kwa uso. Wape kitu cha mikononi, watasema. Wavuvi wakishona nyavu huongea mambo ambayo wake zao hawajawahi kuyasikia. Kwenye tingatinga kwanza unapaka kibao kizima rangi ya chini, kisha unangoja ikauke, na rangi ya mafuta haina haraka. Pale kwenye kungoja ndipo chai inapoletwa na mtu wa pembeni anapokuuliza una watoto wangapi. Baadaye ndiyo inakuja michoro ya wanyama, na mwisho nukta. Wewe uliyezoea safu za tarakimu utazipenda nukta za chui, nakuhakikishia.

Kuhusu kuku usiyejua kumchora, nikukumbushe Edward Said Tingatinga mwenyewe, aliyeanzisha uchoraji huu. Alizaliwa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani. Chuo cha sanaa hakukikanyaga. Alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa mtu mzima, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa ujenzi, kwa rangi ya mafuta ya aina ile inayopakwa kwenye baiskeli. Alifariki 1972. Katika miaka hiyo michache alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa waliokaa kando yake wakitazama mkono wake unavyokwenda, na kutoka kwao ukazaliwa ushirika wa wachoraji ulioko Oysterbay hadi leo. Kuiga kuku wa jirani yako si wizi pale. Ndivyo watu wanavyojifunza.

Kama unataka ushahidi wa kitaalamu (wahasibu mnapenda risiti), mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapa watu wazima 39 udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, kwa dakika 45. Walipima homoni ya kortisoli, ile inayopanda mtu akiwa na msongo, kabla na baada. Kwa takriban robo tatu yao ilishuka, na waliowahi kuchora hawakuwashinda wasiojua kushika brashi. Robo iliyobaki haikushuka, kwa hiyo ukirudi siku moja ukiwa umenuna, hujaharibikiwa.

Mkeo hana ubaya. Muulize mwalimu ada, na kama rangi na brashi zimo humo au unajinunulia, kisha mpe mama hesabu hiyo kwenye karatasi. Lipia mwezi mmoja tu. Ila nina shaka: je, anajua kwamba saa tisa usiku uko macho? Barua yako haisemi. Mwambie hilo kabla ya kumwambia habari za ada, utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Jumamosi ya kwanza itakuwa ngumu. Utakaa karibu na mlango. Mimi nilipojaribu, tembo wangu alitoka kama jiko la mkaa lenye masikio, na dada wa pembeni akaniomba ruhusa ya kucheka. Nikampa. Leo anajua siri zangu ambazo ninyi wasomaji hamtazisikia. Kwa hiyo usibebe kila kitu kutoka nyumbani. Sahau brashi moja makusudi, uombe. Na usitoe hukumu kabla ya Jumamosi ya nne.

Yale mashati, Jumapili hii piga pasi pungufu moja. Hilo lililobaki ndilo uvae darasani, maana rangi ya mafuta ikishika kwenye nguo haitoki.