Jasho la keki iliyotoka friza halitoki ndani ya keki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaoka keki nyumbani, Kirumba, Mwanza. Nilipata oda ya kipaimara ya kupeleka Nansio, kisiwani Ukerewe. Alhamisi nilioka leya tatu za inchi 8, zikapoa, nikazifunga nailoni na kuzigandisha. Jumamosi alfajiri nikazitoa, nikazifungua ili zipumue, na baada ya saa moja nikapaka batakrimu (krimu ya siagi na sukari). Nafika bandarini, krimu inang'aa maji, maandishi mekundu yamechuruzika na leya ya juu imeteleza upande. Fundi mwenzangu anasema niongeze vijiko vinne vya konflawa kwenye krimu, na nisigandishe keki tena maishani. Nifuate ushauri huo?

JIBU: Marahaba dada. Usiufuate, hata nusu yake. Kugandisha ulikofanya ni sawa kabisa. Kilichokuharibia keki ni ile nailoni uliyoifungua mapema, na hili la "ipumue" ndilo linaloharibu oda nyingi kuliko friza zote za Mwanza.

Keki haipumui. Toa chupa ya soda kwenye friji uiweke mezani: dakika chache tu imelowa nje, na hakuna anayesema soda imevuja. Maji yale yametoka hewani. Hewa ya kando ya ziwa imebeba unyevu mwingi, hasa masika, na ikigusa kitu chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 16 au 17 hivi, unyevu ule unageuka matone. Keki yako ilitoka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ulipoivua nailoni, kila tone lililokuwa litue juu ya nailoni lilitua juu ya keki. Saa moja baadaye nje ilionekana laini, lakini katikati bado palikuwa na barafu. Ukapaka mafuta juu ya sehemu yenye maji. Mafuta na maji havishikani, ndiyo maana leya ya juu ikateleza. Kisha ule ubaridi wa katikati ukaendelea kuipoza krimu kutoka ndani, nayo ikavuta unyevu wa hewa ya bandarini.

Sasa hiyo konflawa. Wanga wa mahindi unashika maji vizuri ukipikwa, kama unavyoona kwenye mchuzi au kastadi. Ukiwa mbichi ndani ya krimu ya baridi unakaa tu kama chokaa, unaukuta kwenye ulimi, na tone linalotoka hewani haulizuii. Wengine wanaongeza sukari ya aisingi hadi krimu inakuwa kama udongo. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu sukari inavuta unyevu: tone likitua juu yake linageuka sharubati, na sharubati hiyo ndiyo iliyobeba rangi yako nyekundu. Kuna na wa feni. Keki ikiwa bado baridi, feni inailetea hewa mpya yenye unyevu kila sekunde. Wa kuiweka juani naye anayeyusha krimu nje huku ndani kumeganda.

Fanya hivi. Kichwa cha keki kisawazishe kabla ya kugandisha, usisubiri iwe imeyeyuka. Funga kila leya peke yake, nailoni raundi mbili ikiwa imebana, kisha foili. Zilaze bila kupandana mpaka ziwe ngumu, ndipo uzipange. Kama friza hiyo hiyo ina sangara au dagaa, tafuta chombo chenye mfuniko unaobana, maana mafuta ya keki yanashika harufu na haitoki tena. Keki yenye siagi, ya ndizi au ya karoti inakaa vizuri mwezi mmoja hadi miwili. Ile ya mayai matupu isiyo na mafuta inakauka mapema zaidi.

Kuiyeyusha, itoe usiku na uiache mezani ikiwa na nguo zake zote. Leya ya unene wa inchi mbili inataka saa tatu au zaidi. Asubuhi utakuta nailoni imelowa nje. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa yaende kwenye krimu yako. Yafute kwa kitambaa kikavu kabla hujafungua. Choma kijiti chembamba katikati, kiache kidogo, kisha kiguse mdomoni: kikiwa baridi, funga tena usubiri. Hapo ndipo unapaka ile krimu nyembamba ya kushika makombo, halafu ya mwisho.

Kwa oda za Nansio, beba leya zikiwa zimefungwa na ukapambie huko, au pamba usiku wa kuamkia safari na uiache chumbani penye ubaridi wa kawaida, ndani ya boksi. Batakrimu ya siagi na sukari inavumilia hilo. Usiipitishe kwenye friji halafu uipeleke melini, utakuwa umerudi kwenye chupa ya soda. Maandishi mekundu yaandike mwishoni kabisa, ukishafika.

Na kama jasho limeshatoka, usiguse wala usifute. Iache kwenye chumba kikavu saa moja au mbili, joto lake likilingana na la chumba matone yatakauka yenyewe. Ukifuta unachora mistari.

Wanaokataza friza wanakimbilia friji, na hapo ndipo keki inapokauka. Wanga wa keki unakakamaa haraka zaidi kwenye nyuzi 4 kuliko mezani, lakini kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kukakamaa huko karibu kunasimama. Keki iliyokaa friji siku tatu ndiyo inayowapa watu sababu ya kusema "keki ya baridi si nzuri".

Kinachonitia hofu kuliko krimu iliyoteleza ni vipakiti vya "dawa ya jasho" vinavyopitishwa mkono kwa mkono bila lebo. Krimu haipikwi. Chochote unachokorogea humo mtoto anakila kama kilivyo. Unga wa ngano mbichi, ambao wapo wanaouongeza krimu iwe nzito, unaweza kubeba bakteria wanaosababisha kuharisha vibaya, na joto la oveni halitaupitia. Ukiletewa poda isiyoandikwa viambato, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), irudishe kwa aliyekuletea, hata kama amekuapia kwamba mafundi wote wa mjini wanaitumia.