Rial ya Maskati ni shilingi ngapi?

SWALI: Assalamu alaikum. Mjomba wangu wa Maskati kanipa mkono wa rial 45 na noti moja ya 100. Dukani rial wamenihesabia chini ya bei niliyoiona kwenye simu, na ile ya 100 wamenipa shilingi mia sita na kitu. Sikudhulumiwa? Tena bibi anasema zamani pesa ya huko na ya hapa ilikuwa moja. Kweli?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu salaam. Kwa ile ya 100, hukudhulumiwa. Noti hiyo ni ya baisa, na baisa 1,000 ndiyo rial moja. Basi ulishika sehemu ya kumi ya rial. Ndiyo maana risiti za Oman zina tarakimu tatu baada ya nukta: 12.500 ni rial 12 na baisa 500, wala si elfu kumi na mbili.

Bei ya rial huku inafuata dola. Tangu 1986 Oman imeifunga rial kwenye dola 2.6008, inayopanda na kushuka ni shilingi yetu. Kwa hiyo zidisha bei ya dola kwa 2.6. Tuseme dola ni 2,500: rial inakuwa 6,500, na rial 45 ni 292,500. Simu huonyesha bei ya katikati, baina ya kununua na kuuza, ambayo dukani huipati. Wewe tazama safu ya “kununua” kwenye ubao, maana wao ndio wanaonunua. Wakikupa 6,300 utatoka na 283,500. Hizo 9,000 ni chumo lao, na kwa rial si ajabu, kwani wanunuzi wake ni wachache kuliko wa dola. Uliza maduka mawili matatu kabla ya kutoa pesa mfukoni, na risiti usiiache.

Bibi hakukosea sana. Rupia ya Hindi ilitumika pande zote mbili. Zanzibar iliiacha rupia 1936, ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Shilingi ya Tanzania ikafuata 1966. Oman ilibaki na rupia hadi 1970, ilipotoa rial yake.

Kama bibi ana rial alizoziweka sandukuni, zitazameni toleo. Noti zilizotolewa kabla ya Novemba 2020 Oman ilizisitisha mwisho wa 2024, na duka likizikataa lina haki.