Muulize Fundi: Pampu ya bibi na aisii moja

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Ujiji, nasomea elektroniki. Bibi anataka pampu ya kisima izime yenyewe tangi likijaa, isiwake kisima kikikauka, na awe na swichi ya kuilazimisha iwake hata tangi likiwa limejaa, amwagilie mchicha. Nimeshaunguza aisii (kile kipande cheusi chenye miguu, kilichobeba saketi ndani yake) mbili. Mwenzangu anasema kuna programu ya kompyuta inayochora saketi yenyewe. Je, nikiitumia si nitakuwa nimekwepa kujifunza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Itumie. Mimi hapa Tabora niliunguza aisii yangu ya kwanza kwa kupeleka chanya mguu wa 7 na hasi mguu wa 14, kinyume kabisa, kisha nikakaa kungoja nyingine itoke Dar es Salaam. Kwenye programu ukikosea unafuta.

Pakua Logisim-evolution. Ni ya bure, na ukishaiweka haidai intaneti. Ila anza na daftari. K: kisima kina maji. T: tangi limejaa. S: swichi ya bibi. Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote za K, T na S, litakuwa na mistari 8, na pampu itawaka kwenye mistari 3 tu: miwili ambayo K ni 1 na T ni 0, na ule ambao zote ni 1. Jedwali hili lazima ulijaze wewe, maana programu haijui habari za mchicha.

Ukiliingiza kwenye programu, itakuchorea geti, yaani vijisaketi vya uamuzi: NOT (hugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0), AND (hutoa 1 zote zikiwa 1) na OR (hutoa 1 hata moja ikiwa 1). Kwenye meza hizo ni aisii tatu: 7404, 7408 na 7432. Usiridhike! Iambie itumie NAND (AND ambayo jibu lake limegeuzwa) peke yake, zenye miguu miwili ya kuingizia. Ya kwanza inageuza T, ya pili inapokea K na hiyo T iliyogeuzwa, ya tatu K na S, ya nne inapokea majibu ya hizo mbili. Geti nne, na 7400 moja ina nne kamili. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifurahi siku nzima.

Jaribu mistari yote 8. Waya wa buluu maana yake haujapata 0 wala 1. Kwenye 74HC00 halisi (ndugu wa 7400, geti ni zile zile) usiache mguu wa kuingizia ukielea. Kila swichi iwekee rezista ya kilo-omu 10 kwenda hasi. Aisii isibebe pampu: weka transista, relei (swichi inayowashwa kwa umeme), na daiodi sambamba na koili ya relei. Upande wa volti 230 afunge fundi umeme mzoefu, nawe usimame pembeni ukitazama.