Kuhusu huyo buibui, mwanangu

Mwanangu, meseji yako nimeisoma mara mbili, unataka kufuga tarantula hapo chumbani na unauliza yupi anafaa kwa anayeanza. Nimeulizia na kusoma. Wa Mexico mwenye magoti mekundu au yule wa Chile, wapole wale, ila wakikasirika wanakwangua tumbo kwa miguu ya nyuma vinywele vinaruka, vinawasha kweli, linda macho. Wa kwetu Afrika hawana vinywele hivyo lakini wana mbio na waking'ata utalala macho, hao waache.

Mimi lakini namuwaza yule buibui wa Bwiru, kule Mwanza. Yule uliyemtoa kwenye mawe ukamweka kwenye dumu lililokatwa, uko darasa la tano, kila jioni unamkamatia nyenje pale kwenye taa ya nje. Akasusa kula wiki mbili. Halafu asubuhi moja we umeenda shule nikamkuta kalala chali, nikasema huyu kafa, nikammwaga uani kuku wakammaliza. Ukarudi hukuniuliza kitu, ukapanda kukaa juu ya jiwe unaangalia ziwa mpaka giza, na sato niliyekukaangia hukumgusa. Uko fomu three ndo ukaniambia taratibu kabisa, mama, akilala chali anajivua gamba, akifa anakunja miguu chini ya tumbo. Alikuwa mzima!! Hilo halijanitoka mpaka leo.

Ndo maana nasema siku zote, kitu ulichokifungia hakina mwingine ila wewe. Akisusa chakula toa nyenje wote humo, akishajivua mwili unakuwa laini wao ndo watamng'ata. Maji asikose. Na usimshikeshike, akianguka hata toka mezani tumbo linapasuka.

Halafu jike anaishi miaka 20 na zaidi. Wewe kazi yako ya kuhamahama, leo Dar kesho Geita, atabaki na nani? Ila mbona yule wa dumu ulimtunza vizuri, aliyekosea mimi. Lakini kitu ulichokifungia hakina mwingine, mwanangu. Ningekuwa na neno la kusema ningelisema, basi naliacha, amua mwenyewe.

Ukimchukua nitumie picha. Na siku akilala chali usimguse, nipigie simu, hata usiku wa manane.