Damu imekataliwa, HBsAg chanya: namna ya kuisoma karatasi ya majibu

Pole mkuu. Kwa ulivyoeleza, ulienda kuchangia damu Tabora ukaambiwa una homa ya ini B, ukarudia kipimo maabara ukapewa hivi: HBsAg chanya, Anti-HBs hasi, Anti-HBc ya jumla chanya, Anti-HBc IgM hasi, ALT 34. Unataka kujua uliambukizwa lini, mkeo afanye nini, na kama uchome chanjo uliyoshauriwa "ikate makali".

Naanza na chanjo kwa sababu hapo ndipo hela inapopotea: usichome. HBsAg ni ganda la kirusi. Likionekana kwenye damu, kirusi kimo, na chanjo haikitoi. Haikudhuru, lakini haikusaidii kitu. Chanjo ni ya mkeo, nitafika huko.

Sasa karatasi. Anti-HBs ni kingamwili ya kukukinga. Watu huona "chanya" hapo wakakosa usingizi, kumbe ndiyo habari njema; ikifika 10 (mIU/ml) au zaidi baada ya chanjo, mtu amekingika. Yako ni hasi, na ndivyo inavyotarajiwa kwa mwenye HBsAg. Anti-HBc haitokani na chanjo kamwe, inaonyesha mwili umewahi kukutana na kirusi chenyewe. Mwenye Anti-HBs peke yake amechanjwa. Mwenye zote mbili huku HBsAg ni hasi aliugua akapona. Mwenye Anti-HBc peke yake asikimbilie kusema amepona: inaweza kuwa kinga ya zamani iliyoshuka, maambukizi yanayoelekea kuisha, au kipimo kimekosea. Huyo arudie.

Anti-HBc IgM, kingamwili ya mwanzo, ndiyo inayogusa swali lako la "lini". Huwa chanya kwenye maambukizi mapya. Yako ni hasi, kwa hiyo inaelekea unaishi na kirusi muda mrefu, pengine tangu utotoni. Mtoto mchanga akiambukizwa, takribani 9 kati ya 10 hubaki nacho. Mtu mzima hubaki nacho mara chache, chini ya 5 kwa 100. Kwa hiyo usianze kumshika mtu uchawi wala kumsingizia mke. Hata hivyo neno "sugu" huandikwa rasmi HBsAg ikibaki chanya baada ya miezi 6, kwa hiyo tunza karatasi hii yenye tarehe, kisha rudia.

Kuhusu kijiti cha kupimia HBsAg haraka: mstari wa T (wa jibu) ukiwa hafifu bado ni chanya. Kinachoharibu ni kukisoma baada ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Kikikauka huchora kivuli cha mstari.

ALT ni kimeng'enya kinachopanda ini likiumia. ALT 34 wengi wataambiwa ni sawa, kwa kuwa maabara nyingi huandika kikomo cha 40 hivi. Shirika la Afya Duniani kwa ugonjwa huu linatumia 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Kwa hiyo yako imepanda kidogo. Pombe, mafuta kwenye ini, dawa za TB na hata kazi nzito ya jana huipandisha, ndiyo maana haisomwi mara moja tu.

Kinachokosekana ni viwili. Kwanza wingi wa virusi. Kabla ya kutoa damu, iwe hospitali ya Kitete (Tabora) au Maweni (Kigoma), uliza kama kipimo kinafanyika hapohapo au sampuli inasafirishwa. Jibu likija angalia kizio: IU (vipimo vya kimataifa) na kopi si kitu kimoja, IU 1 ni kama kopi 5. Kopi 10,000 si za kutisha kama zinavyosikika, ni kama IU 2,000. Virusi vikizidi IU 2,000 na ALT ikawa juu ya kikomo, mazungumzo ya dawa yanaanza.

Pili, AST (kimeng'enya kingine kama ALT) na chembe sahani (platelets, chembe za kugandisha damu). Gawa AST kwa kikomo chake, zidisha mara 100, gawa kwa chembe sahani. AST 45, kikomo 40, chembe 180: unapata 0.63. Ikizidi 0.5 kwa mtu mzima, kuna dalili kwamba ini limeanza kuweka makovu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unaruhusu dawa kwa hilo pekee.

Mkeo apimwe HBsAg na Anti-HBc. Zote zikiwa hasi, achome dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Anti-HBs apime mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho. Mpaka hapo tumieni kondomu. Sahani na vikombe havina tatizo, wembe na mswaki kila mtu na wake. Watoto angalieni kadi: chanjo hii imo kwenye ratiba ya watoto nchini tangu 2002, lakini asiye na kadi apimwe.

Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, sumukuvu na kirusi hiki pamoja huongeza sana saratani ya ini. Dawa za kienyeji za "kusafisha ini" weka pembeni, baadhi huunguza ini lenyewe.

Na kabla hujapewa tenofovir, dawa ya homa ya ini B, dai kipimo cha VVU. Ukiwa na kirusi hiki na VVU pamoja, tenofovir peke yake hufundisha VVU usugu. Utahitaji mchanganyiko wa dawa wa CTC (kliniki ya matunzo na tiba ya VVU), ambao tayari una tenofovir ndani yake. Ukishaanza usiache ghafla, kirusi huweza kurudi kwa kishindo.