Maswali ya Wasomaji: Kadi za Picha na Ute wa Yai

Nimenunua Marekani kadi ndogo ya zamani, sentimita 6 kwa 10, yenye picha ya mwanamke aliyekaa. Nyuma imebandikwa stempu ya senti 2. Ni ya lini?

Kama stempu ni ya asili, kadi iliuzwa kati ya tarehe 1 Septemba 1864 na 1 Agosti 1866. Marekani ilikuwa vitani, serikali ikatoza kodi kila picha iliyouzwa, na stempu ilionyesha kodi imelipwa. Senti 2 ilikuwa kodi ya picha isiyozidi bei ya senti 25. Tazama wino uliopigwa juu ya stempu kuonyesha imetumika: ukivuka ukingo na kuingia kwenye kadi, hiyo ni dalili njema. Wapo wauzaji wanaobandika stempu baadaye ili kupandisha bei. Kona nazo husaidia: kadi nyembamba yenye kona kali huwa ya mapema kuliko ile nene yenye kona za mviringo.

Kwa nini kadi hizo zilipendwa ghafla, na picha zilikuwepo tangu 1839?

Sababu ni bei. Picha ya daguerreotype ilikuwa sahani moja ya shaba iliyopakwa fedha. Ukitaka ya pili, unakaa tena. Mwaka 1854 huko Paris, mpiga picha Disdéri alipata hataza ya kupiga picha kadhaa kwenye kioo kimoja. Kwa kamera ya lenzi nne, unapiga nne, unasogeza kioo, unapiga nne nyingine. Picha nane zinachapwa kwa karatasi moja, zinakatwa na kubandikwa kwenye kadi. Uingereza ilishikwa na wazimu wa kadi hizi mwaka 1860, mpiga picha Mayall alipouza picha za Malkia Victoria na familia yake. Marekani, Sojourner Truth, mwanamke aliyepinga utumwa, aliuza kadi za picha yake mwenyewe, akapata riziki.

Nataka kuchapa kwa ute wa yai kama wapiga picha wa kadi hizo. Nianzie wapi?

Pima ute mililita 500, mayai 17 hivi. Ya kienyeji ni madogo, ongeza. Hata tone la kiini likiingia, tupa uanze upya. Tia kloridi ya amonia gramu 15 iliyoyeyushwa kwa maji mililita 15, na asidi ya asetiki ya asilimia 28 mililita 2. Piga mpaka iwe povu tupu. Acha siku nzima itulie, chuja kwa kitambaa, kisha weka kwenye friji wiki moja.

Mimina kwenye trei. Laza karatasi nyembamba ya pamba juu ya ute kwa dakika 3, ukitanguliza katikati ili hewa itoke pembeni. Kiputo kimoja kikibaki kitaacha doa jeupe ambalo halifutiki. Anika.

Chumbani, kwa taa hafifu ya njano, laza upande wenye ute juu ya nitrati ya fedha ya asilimia 12, dakika 3 tena. Vaa glavu na miwani: dawa hii huunguza macho na kutia ngozi weusi. Ikaushe gizani, uitumie siku hiyohiyo, kwani ikilala hugeuka njano.

Bana karatasi na negativu (picha iliyogeuzwa, weusi ukiwa mahali pa weupe) ndani ya fremu, iweke juani. Negativu iwe na tofauti kali ya kiza na mwanga, la sivyo picha itapooza. Fungua nusu ya mgongo wa fremu kuchungulia, na usitoe mpaka picha izidi weusi unaoutaka, maana dawa ya kukazia picha isibadilike tena huila. Suuza mpaka maji yasiwe ya maziwa, pitisha kwenye kloridi ya dhahabu, kisha kaza kwa thiosulfeti ya sodiamu, gramu 150 kwa lita, trei mbili, dakika 4 kila moja. Wengi huharibu hapa: dawa ya trei ya kwanza ikichoka, fedha hubaki ndani ya karatasi na madoa ya kahawia huja baadaye. Osha kwa maji yanayotiririka nusu saa, kisha bandika kwa gundi ya wanga, maana karatasi hii hujikunja yenyewe.

Kadi yangu imekuwa njano. Niioshe?

Usiioshe. Unjano uko ndani ya ute wenyewe, na maji huupasua nyufa.