Nilisinzia kwenye zamu ya usingizi

*Shikamoo bibi. Nasoma udaktari mwaka wa tatu. Likizo hii ndefu nimepata fildi ya wiki nane kwenye utafiti wa usingizi hapa Dodoma. Jioni nawabandika washiriki waya kichwani na kimrija puani, kisha nakesha mbele ya skrini. Juzi nilisinzia. Nilipozinduka saa kumi na robo kimrija kilikuwa kimetoka, mstari wa pumzi umenyooka kama reli kwa dakika 40. Mwenzangu anasema tujaze kwa kukisia, msimamizi hatajua. Nyumbani nako mama anawatangazia majirani kwamba nasomea malale. Nifanyeje?*
*Mkeshaji Hoi, Nkuhungu*

Marahaba mjukuu. Mwambie msimamizi leo, kabla hujaingia zamu. Andika kwenye daftari la usiku saa kimrija kilipotoka na saa ulipokirudisha, na sababu uiandike: nilisinzia. Utaona aibu siku moja tu, basi.

Huyo mwenzako hajapiga hesabu. Usiku wa saa 8 unasomwa kwa vipande vya sekunde 30, yaani vipande 960. Wewe umeharibu 80, na vya pumzi tu. Waya za kichwani zilikuwa zinaandika. Sasa tuseme mshiriki wako alilala kwa muda wa saa 6 na pumzi ilimkatika mara 28. Gawanya: haifiki 5 kwa saa, na 5 ndipo ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unapoanzia kuhesabiwa. Mkikisia mara tatu tu kwenye zile dakika 40 zinakuwa 31, imevuka 5, na mtu wa watu anarudi kwake Chamwino na ugonjwa mliompa nyie.

Nami nilisinzia, usinione malaika. Miaka ile nilipokuwa nesi nilipelekwa miezi mitatu kwenye maabara ya namna hiyo, na usiku wa nne nikaamshwa na mgonjwa mwenyewe, amekuja na waya zake mkononi kuniuliza choo kiko wapi.

Ila nikuulize: kimrija kilitokaje? Huu ni mwezi wa saba. Upepo wa Dodoma unapasua midomo, kila mtu anajipaka mafuta ya mgando usoni kabla ya kulala. Plasta haishiki juu ya mafuta! Mfute mashavu kwa spiriti, subiri pakauke, ndipo ubandike. Na wadada wakipiga simu kuuliza waje na nywele gani, waambie twende kilioni. Ngozi inaonekana kati ya mistari, waya inakaa yenyewe. Rasta nzito zitakutoa jasho hadi saa tano usiku.

Kuhusu kukesha: jioni kabla ya kwenda lala kwa muda wa saa moja na nusu. Kahawa inywe mapema, ikipita saa nane usiku iache, la sivyo mchana utakodolea dari. Saa tisa hadi kumi na moja alfajiri ndipo mwili unapozama kabisa, kwa hiyo hizo saa usizikalie kwenye kiti. Simama, kagua mistari yote kila robo saa, weka tiki. Dirisha la chumbani litundikie blanketi. Kitenge hakizuii jua letu.

Mama mwambie malale huletwa na kijidudu anachobeba ndorobo, na wewe hujagusa ndorobo. Akitaka la kuwasimulia majirani, mpe la Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watafiti waliwavisha watu wazima 33 vifaa kama saa za mkononi kwa siku 20, majibu yakatoka 2017. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Karibu muda wote kulikuwa na mtu macho, na hakuna aliyepangiwa zamu.

Ukishaongea na msimamizi niandikie alisemaje. Na huyo mwenzako, zamu zake za nyuma nazo zikaguliwe.